Alama Niliyoiweka Chini ya Burundi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mzime hizo simu. Najua mnavyonisema. Mnasema Bibi ana chuki na michezo. Mnasema mashindano ya dunia yakianza kwenye televisheni, na yale majina ya nchi yakaanza kupandishwa na kushushwa, hii dhahabu ngapi, ile fedha ngapi, mimi huinuka na kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. Ni kweli, sikatai. Ila si michezo ninayoichukia. Mtu akikimbia namtazama, na akikimbia vizuri namsifu hata kama simjui yeye wala mama yake. Ninachokichukia ni lile jedwali. Leo nitawaambia sababu, mara moja tu, maana sina tabia ya kurudia maneno.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema alimnunulia paka wake nguzo ya kukunia kucha. Ni kijiti kimesimama kwenye ubao, kimezungushiwa kamba kutoka chini hadi juu. Paka, kwa shukrani zake, akaikojolea siku hiyo hiyo. Neema akaiosha bafuni, akaiweka juu ya redieta ya kupasha chumba joto ili ikauke. Mimi nilikuwa natoka sokoni na mfuko wa ndizi mkononi, nimepanda ngazi ghorofa tatu kwa sababu lifti ya jengo letu hapa Tottenham hufanya kazi inapotaka yenyewe. Nikafungua mlango. Redieta ilikuwa imeshapata moto. Ile harufu ikanipokea koridoni, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina.

Neema akaniuliza kwa Kiingereza nimepatwa na nini. Kiswahili anakisikia, lakini kutoka hakimtoki.

Nikamwambia, "Hiyo kamba ni mkonge."

Akasema hapana, hiyo ni kamba ya paka.

Kamba ya paka! Mmea uliowatoboa watu macho mbele yangu, leo paka wa London ananunuliwa anolee kucha. Niliuweka chini mfuko wa ndizi. Nilikaa chini na koti langu mwilini. Harufu ya mkonge uliolowa si mbaya kama mnavyodhani. Ina uchachu kidogo, kama majani yaliyovundikwa, na ndani yake kuna kitu kama sabuni. Sisi tulizaliwa ndani ya harufu hiyo. Ilikuwa kwenye nywele za mama, kwenye uji, kwenye daftari la shule.

Nilikulia kwenye shamba la mkonge upande wa Tanga, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bendera zilipokuwa bado zinanuka duka. Baba alikuwa manamba, maana yake mtu aliyeandikwa kwa namba akaletwa kwa lori kukata mkonge. Shamba lilikuwa na watu wa nchi nyingi, na kila nchi ilikuwa na kambi yake. Watu wa Msumbiji walikuwa kambi ya kwanza, Wanyasa, wa Malawi ya leo, ya pili, watu wa Tanganyika ya tatu, Warundi na Wanyarwanda ya nne. Kulikuwa pia na Wakenya wanne, wote mafundi wa karakana, waliokaa nyumba ya peke yao na kujiona wao ndio meneja.

Msidhani tulipendana. Bomba la maji lilikuwa moja, na foleni yake ilikuwa vita ya kila asubuhi. Kambi moja ikipata mgonjwa, nyingine zilisema amejiroga mwenyewe. Sisi tulikaa kambi ya tatu. Kulikuwa na msichana wa kambi ya nne, Spesioza, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, ambaye hakuwahi kuniacha nikinge ndoo bila kuisukuma kwa mguu. "Mtanganyika, kanywe mvua," alikuwa akiniambia. Wenzake wanacheka.

Sasa, mimi nilikuwa na siri ya kumnyamazisha Spesioza, na nilikuwa naitafuna kama pipi.

Baba yangu pale shambani aliitwa Petro, Muha wa Kasulu. Ndivyo kipande chake, kadi yake ya kazi, kilivyosema, na kipande ndicho kilichokuwa mtu. Bila kipande hukupewa kazi, wala posho ya unga, wala chumba. Lakini jioni, akishapata kibuyu kimoja cha pombe, baba alikuwa akinikalisha karibu naye na kunishika sikio kwa upole. "Vero, kwetu ni Burundi," anasema. "Mlimani. Babu yako ana ng'ombe wenye pembe ndefu kama mikono yangu. Mimi ni Nzeyimana. Usisahau." Mama, ambaye alikuwa Mzigua na mwenye hofu kuliko baba, alikuwa akigonga sufuria na mwiko ili sauti ile isitoke nje. Kisha ananitazama mimi. "Ya nyumbani hayavuki kizingiti," ananiambia. Alisema hivyo kuhusu mambo yote, hata tukila kisamvu bila nazi, kwa hiyo sikujua lipi lilikuwa zito na lipi jepesi.

Nyinyi jueni sasa, ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi. Baba alipovuka kutoka kwao alifika kwenye kambi ya kuandikisha vibarua, siku ambayo walikuwa wanachukua watu wa Kasulu tu. Palikuwa na Muha mmoja, Petro, aliyekuwa ameshaandikwa, akafa kwa homa kabla lori halijaondoka. Baba akapanda lori na kipande cha Petro. Lugha ya Muha na ya Mrundi ni ndugu, na mtu wa pwani hawezi kuzitofautisha. Akaishi na kipande kile miaka kumi na miwili. Na kanuni ya shamba ilikuwa moja: anayekutwa na kipande cha mtu mwingine anaondoka siku hiyo hiyo, yeye, mke, watoto na kuku.

Basi mwaka huo meneja alirudi kutoka likizo Ulaya na wazo. Huko alikuwa ameona mataifa yakishindana kwa medali, akasema na sisi tutafanya, maana mataifa tunayo. Ilikuwa mara ya kwanza shambani kwetu. Fundi wa karakana akaambiwa atengeneze medali. Za dhahabu alizikata kwenye bomba la shaba lililokufa, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukajiona pua. Za fedha zilitoka kwenye debe la mafuta ya taa. Za shaba, sijui aliishiwa nguvu, zilikuwa vifuniko vya makopo ya rangi. Na nchi itakayokuwa na dhahabu nyingi ingepewa dume la ng'ombe, lichinjwe Jumatatu mchana. Watu waliokuwa wanakula nyama Krismasi na Idi tu, wakaambiwa dume! Kuanzia siku hiyo bomba la maji likawa halifikiki.

Ukuta wa ghala ulipakwa chokaa, na juu yake yakaandikwa majina ya nchi. Msimamizi wa mambo yote alikuwa Karani Method, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, na zote zilikuwa zinavuja. Alitaka mtoto wa shule wa kuandika alama ukutani wakati yeye anatangaza. Mwalimu akanitoa mimi, darasa la nne, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa umenyooka. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya mwisho, mjue, darasa la nne. Nilisimama juu ya sanduku la sabuni na chaki mkononi, nikajiona nimekuwa serikali.

Mashindano yalikuwa Jumamosi na Jumapili. Msumbiji walivuta kamba, kamba ya mkonge wetu wenyewe, wakawaburuta watu wa Tanganyika mpaka kwenye mtaro. Wanyasa wakashinda kukata majani na kuyafunga matita. Mkenya mmoja akaruka mbali kuliko wote, kisha akatembea siku nzima kama aliyemeza ufagio. Wanyarwanda hawakupata hata kifuniko cha rangi, wakasema mchanga ulikuwa umelogwa. Nikawa naandika. Karani anafungua rejista ya vipande, anasoma jina na nchi kwa sauti, mimi naweka mstari. Kufikia Jumapili mchana, Msumbiji walikuwa na dhahabu mbili, Tanganyika mbili, Burundi mbili. Palikuwa pamebaki mbio moja tu, ndefu, ya kuzunguka shamba, kufuata reli ya troli hadi kwenye kinu na kurudi.

Sikujua kwamba baba anaweza kukimbia. Nyapara wa kambi yetu ndiye aliyejua, kwa sababu aliwahi kumwona akifukuza mbuzi. Akaliweka jina la Petro. Asubuhi ile nilimsikia mama ndani.

"Baba Vero, mtu aliyejificha hapigi ngoma."

"Nikikataa ndiyo wataniuliza," baba akajibu.

"Basi kimbia taratibu. Uwe wa sita."

Baba akacheka. Na nadhani alikusudia kuwa wa sita. Lakini miguu ina akili zake.

Tulimwona anatokea peke yake kwenye mistari ya mkonge, miguu mitupu, vumbi limempanda mpaka magotini kama soksi nyeupe. Nyuma yake hakuna mtu. Nyuma ya hakuna mtu, tena hakuna mtu. Hakuwa anahema kama watu wengine. Alikuwa anakimbia huku anatabasamu, na mimi sikuwa nimewahi kuliona tabasamu lile, wala sikuliona tena. Kambi ya tatu ikaruka juu. Wanawake wakapiga vigelegele. Karani Method akafungua rejista, akapaza sauti. "Wa kwanza, Petro, wa Kasulu! Tanganyika!"

Nikageukia ukuta. Nikainua chaki. Nikamwona Spesioza amesimama mstari wa mbele, amebenua mdomo. Nikaweka alama chini ya Burundi.

Mpaka leo naweza kuisikia chaki ile.

"Wee mtoto, umelewa?" Karani akasema. "Nimesema Tanganyika."

"Baba ni Mrundi," nikasema. Sikunong'ona. Nilikuwa juu ya sanduku, na mwalimu alitufundisha mtu wa mbele aongee asikike nyuma.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

Kelele zikakatika. Kisha zikarudi mara mbili.

"Mtoto kasema!" wakapiga kelele kambi ya nne. "Leteni dume letu!"

"Dume lenu liko Burundi, lifuateni kwa miguu!" wakajibu wa kwetu.

"Wezi wa maji, sasa mmeiba na mtu!"

Baba akafika, jasho linamchuruzika kidevuni. Karani akamuuliza, na hakumuuliza kwa ubaya, maana yeye naye alikuwa wa Tanganyika na dume alilitaka. "Petro, binti yako anasema nini hapa?"

Baba akanitazama. Nilimpa uso wangu wote, nikingojea aniinue begani. Akanipiga kofi. Sikuwa nimewahi kupigwa na baba. Nilianguka kutoka kwenye sanduku, chaki ikavunjika chini yangu.

"Mtoto huyu mwongo," akasema. "Mimi ni Muha."

Akaifuta alama yangu kwa kiganja chake, kiganja kikabaki cheupe. Palikuwa na Mrundi mmoja mzee kidogo, Bukuru, mtu wa busara aliyekuwa akicheza bao na baba kila wiki. Akasogea, akamwambia baba maneno mawili matatu ya Kirundi, polepole, kama mtu anayemgusa mwenzake begani. Baba akamjibu kwa Kiswahili.

"Sikufahamu, ndugu."

Bukuru akatema mate chini, akaondoka.

Nyumbani mama hakunigombeza wala hakunibembeleza. Alisema neno moja tu, "Umetumaliza," akaendelea kuchambua mchele. Baba alikaa mlangoni anachonga mpini wa jembe ambao haukuhitaji kuchongwa. Hakuna aliyenieleza. Mimi nikakaa na shavu langu, nikafanya hesabu yangu ya mtoto: baba yangu ni mwongo na mwoga, amewakana wazee wake na ng'ombe wao wenye pembe ndefu kwa ajili ya nyama, na mimi sina baba tena. Nilimchukia. Sitawapamba hapa. Nilimchukia kwa moyo mzima, kama mtoto anavyoweza, bila kupumzika.

Angalieni sasa jinsi mambo yanavyokwenda. Kama wangeliacha pale, tungeokoka. Baba alikuwa amelipa kofi na mate, na kipande kilikuwa salama. Lakini dume lilikuwa bado hai.

Jumatatu asubuhi Warundi sita walikwenda ofisini kwa meneja, Bukuru mbele yao, wamevaa mashati yao ya kanisani. Walikwenda kudai dhahabu yao. Meneja alifurahi sana. Alidhani ni mambo ya mchezo tu, kama huko Ulaya watu wanavyokata rufaa. Akaagiza baba aletwe kutoka mistarini, na mimi nitolewe darasani nije na chaki, tayari kwa hukumu yoyote. Nilisimama nje ya dirisha. Niliona yote.

Bukuru aliongea vizuri. Alisema kwa majivuno, mkono kifuani. "Bwana Meneja, huyu ni wetu. Baba yake namfahamu. Kwa mama yake nimekunywa pombe. Anaitwa Nzeyimana, na mlima wao nitakuonyesha hata nikiwa kipofu. Jana alishikwa na woga kwa sababu anakaa katikati ya watu wa Tanganyika. Leo tumekuja kumchukua mtu wetu." Wenzake wakaitikia. Wakaapa. Kila mmoja akaapa kivyake, na walivyokuwa wanaapa nyuso zao ziling'aa. Walikuwa wanampenda, mnaelewa? Walikuwa wamekuja kwa mapenzi, na kwa nyama kidogo.

Meneja akacheka, akasema haya, Burundi wapewe.

Hapo Karani Method akainua kichwa kutoka kwenye rejista. Dume lake lilikuwa limeondoka, na sasa alibaki na kalamu zake tu. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Kama huyu ni Nzeyimana, Petro ni nani?"

Nilikuwa namtazama Bukuru wakati huo. Uso wake ulibadilika taratibu, kama maji yanapotulia ukaona kilichozama chini. Akafungua mdomo arudishe maneno. Lakini ameshaapa, na watano wengine wameshaapa, na meneja ameshaacha kucheka.

Baba akasogea mbele. Alitoa kipande mfukoni, akakiweka mezani. Alikiweka kwa mikono miwili.

Karani akatoka nje, akanishika bega mpaka ukutani. "Weka," akasema.

Nikamuuliza wapi.

"Pale pale ulipoweka jana."

Nikaweka. Mstari ulitoka wima, maana mwandiko wangu ulikuwa umenyooka. Burundi tatu, Tanganyika mbili, Msumbiji mbili. Taifa la Burundi likawa la kwanza shambani kwetu, kwa miguu ya mtu ambaye kufikia saa kumi jioni alitakiwa awe nje ya mpaka wa shamba. Medali hakupewa yeye. Ilitundikwa mlangoni kambi ya nne. Walisema ni ya nchi.

Tulifunga vitu vyetu ndani ya shuka mbili. Kuku walikuwa watano, tukawakamata wanne. Tukiwa tunangoja lori la kokoto lililokubali kutuchukua hadi njia ya Handeni, kwa ndugu zake mama, Bukuru akaja. Alikuwa amebeba nyama ndani ya jani la mgomba, damu inadondoka. Akasimama mbali kidogo.

"Nilikudai kwa mapenzi, ndugu yangu," akasema.

"Ungenidai kimya kimya," baba akamjibu, kwa Kirundi safari hii. Mimi nilikifahamu vizuri kuliko walivyodhani.

Mama akaipokea ile nyama. Akaitazama. Akamrudishia kifuani, shati lake la kanisani likalowa. "Kaleni wenyewe," akasema. "Ndiyo ushindi wenu huo."

Lori likaja.

Baba aliishi miaka kumi na mmoja mingine huko Handeni, akilima mahindi ya mashemeji zake, jambo ambalo mwanamume halisahau hata siku moja. Hakunipiga tena. Hakunieleza wala hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba. Nilimpelekea maji ya kuoga, nilimpikia, nilimwitikia abee, lakini ndani sikumpa kitu. Jioni alikuwa akinywa kibuyu chake peke yake na hakulishika tena sikio langu. Alipokufa nililia kama inavyotakiwa. Nawaambia ukweli kwa sababu uongo wa wazee kuhusu wazee wao unanichosha.

Nilielewa lini? Nilielewa hapa hapa, London, nikiwa mtu mzima mwenye meno mawili yaliyong'oka.

Majira mawili ya baridi nilifagia ofisi kwa kadi ya kazi ya mwanamke mwingine. Naam, mimi, huyu huyu anayewakemea mkichelewa kanisani. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zinazunguka huko zinakozunguka, na baba zenu walikuwa wadogo na walikuwa wanakula kama nzige. Jina la kwenye kadi halikuwa Veronika. Nililijibu mpaka nikalizoea.

Alfajiri moja tulipewa mfanyakazi mpya. Mwanamke wa makamo, mnene, ana kicheko. Nikiwa nasukuma ndoo yangu akanitazama, akatazama tena, kisha akaachia ufagio wake ukaanguka.

"Vero? Vero wa Petro, wa shamba la mkonge? Jamani, mimi ni Spesioza! Spesioza wa bombani!"

Macho yake yalikuwa yameshajaa machozi. Alikuwa anakuja na mikono wazi. Na msimamizi wetu alikuwa amesimama pale pale mlangoni, anatabasamu, anasubiri kuambiwa ni furaha gani hii.

Nikasema, "Umenifananisha, dada. Simjui huyo."

Nilisema kwa sauti tulivu sana. Hata sikutafuta maneno, yalikuwa yamekaa tayari mdomoni, kama yamerithiwa. Mikono ya Spesioza ikabaki hewani, kisha ikashuka. Akaokota ufagio. Hakurudi kesho yake, sijui alihamishiwa wapi, na tangu siku hiyo namtafuta kwenye kila kilio na kila harusi ya watu wa kwetu mjini hapa, sijampata.

Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani, na shavu langu la kushoto likawaka moto. La kushoto, lile lile. Nikaielewa ile kauli ya baba, "sikufahamu, ndugu," ilivyompasua alipokuwa anaitoa. Nikaelewa kwamba lile kofi alikuwa anajaribu kufunga nalo mlango, na nyuma ya mlango huo nilikuwa mimi, na mama, na unga wetu wa wiki. Nilikuwa nimemchukia miaka yote ile kwa sababu alikana kwao. Kumbe alikuwa amechagua kwake. Nikataka kumwambia. Basi lilikuwa limejaa watu wa usafi wanaosinzia, na baba alikuwa chini ya udongo wa Handeni.

Ndiyo maana lile jedwali silipendi. Msiniambie ni mchezo tu. Anayekimbia ni mtu mmoja na mapafu yake, halafu wanakuja waliokuwa wamekaa, wanamgombania kama dume.

Kiangazi kilichopita alikuja kula kwetu Mama Furaha, yule Mkongo tunayesali naye, anayelea wazee kwenye nyumba za watu. Mnamkumbuka, nyote mlikuwepo. Mashindano yalikuwa yanaendelea kwenye televisheni, na Tumaini, mjukuu wangu mkubwa, mtoto mwema, sikatai, alikuwa na jedwali kwenye simu yake. Akamgeukia kwa adabu zake zote. "Anti, wewe ni nchi gani? Hasa hasa, umetoka wapi? Nikutafutie mna medali ngapi." Mama Furaha akaweka kijiko chini. Alisema jina la nchi, lakini kabla ya kulisema alitazama mlango. Nyinyi hamkuona. Mimi niliona.

Nilizima televisheni. Tumaini akasema hakuwa na nia mbaya, nikamwambia najua, nia mbaya haijawahi kunifukuza mimi kwangu. Mama Furaha nikamwongezea samaki. Alipokwisha kuondoka niliwasimamisha wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, na baba zenu nikawapigia simu wasikie. Nikasema mgeni akiingia nyumba hii apewe kiti, apewe sahani, aulizwe kama chumvi imetosha. Kwao asiulizwe na mtu.